Manchester nao walikuwa na daladala zao, msitudanganye na "nidhamu ya wazungu"

Kila nikiongea na watu wa nyumbani habari za foleni lazima atokee mmoja aseme nyie huko mmeshatoka, wenzetu wazungu wana nidhamu, sisi Wabongo hata uletewe nini utaharibu tu. Hii kauli imenichosha jamani. Mimi naishi Manchester, nilifika hapa enzi za mabasi ya zamani, na upande wa mabasi mji huu ulikuwa unafanana na Mbagala kuliko mtu wa Dar anavyoweza kuamini, tofauti ilikuwa baridi na vioo vizima.

Twende taratibu. Mwaka 1983 serikali yetu ilikubali yaishe, UDA, shirika la mabasi la umma pale Dar, ilishachoka, mabasi mabovu hayana vipuri, watu wanakesha vituoni, ndo daladala za watu binafsi zikaruhusiwa kihalali. Miaka mitatu tu baadae, Oktoba 1986, serikali ya Margaret Thatcher ikafanya jambo la ukoo huo huo kwenye miji ya huku nje ya London, kwamba kampuni yoyote yenye leseni na mabasi ikajiandikishie ruti inayoitaka, ipange nauli yake na muda wake, biashara itajiendesha. London peke yake wakaiacha, yaani mji mkuu wao wenyewe hawakutaka kuufanyia majaribio, hapo ukitafakari unaelewa mengi.

Kilichotokea Manchester mtu yeyote aliyewahi kupanda gari la Rangi Tatu angeweza kukitabiri bila kusomea. Kampuni zote zilikimbilia Oxford Road na Wilmslow Road, kule kwenye vyuo na hospitali ambako abiria hawakatiki. Unakuta mabasi manne yanafuatana, kila moja la rangi yake, mawili yana watu sita sita, yanapitana kuwahi kituo kinachofuata. Ukitoka hapo ukaenda mitaa ya pembeni jioni unasimama mpaka miguu inaganda, basi hamna, kwa sababu huko abiria wachache na kampuni haiwezi kuchoma mafuta kwa ajili ya bibi mmoja na kikapu chake. Mimi nilikuwa nanunua tiketi ya wiki ya kampuni moja, asubuhi naenda shifti nakuta limefika basi la kampuni nyingine, dereva ananiangalia tiketi yangu ananiambia hii sio yetu, na langu halionekani hata kwa mbali, basi natoa hela upya au nachelewa kazini. Hiyo ndo Ulaya ya nidhamu mnayoisifia.

Sasa kilichobadilika sio watu, watu ni wale wale. Kilichobadilika ni mkataba. Greater Manchester ina wilaya kumi na watu kama milioni 3, Andy Burnham akiwa meya wao akasimamia mpaka mabasi yakarudishwa chini ya mamlaka ya umma, kampuni mbili zikampeleka mahakamani zikashindwa, na Septemba 2023 wakaanza na upande wa Bolton na Wigan, Januari 2025 wakamalizia upande wa kusini. Kuanza tu ilichukua karibu miaka 37 tangu Thatcher! Mabasi sasa yote ya njano, yanaitwa Bee Network, nauli mwaka 2025 ilikuwa pauni 2, na ndani ya saa moja ukishuka hili ukapanda lile hulipi tena.

Lakini rangi na nauli ni mapambo tu, kitu chenyewe kiko chini yake na ndo nataka mnisikilize hapa. Mamlaka ndo inapanga ruti, inapanga saa, inapanga nauli, na HELA YA NAULI INAENDA KWA MAMLAKA. Kampuni binafsi bado zipo, hazikufukuzwa, zinagombea zabuni ya kuendesha kundi la ruti fulani kwa miaka kadhaa na zinalipwa kwa kutoa huduma iliyoandikwa kwenye mkataba, basi litoke saa fulani lifike saa fulani. Likijaa likiwa tupu kampuni haipati zaidi wala pungufu kwa kichwa cha abiria, ila likichelewa hovyo au lisipotokea ndo inaumia. London walikuwa na mfumo wa namna hii miaka yote. Na gereji za mabasi mamlaka ikazinunua, kwa hiyo kampuni ikiboronga inaondoka na mwingine anaingia kwenye gereji ile ile, hakuna wa kuwatishia kwamba nikiondoka mji unasimama.

Nina jamaa yangu hapa, kabla hajaja alikuwa dereva wa Hiace ya Tandika Kariakoo, wale wa kupita pembeni kwenye mchanga taa ikiwa nyekundu. Leo anaendesha basi la njano na nikipanda nalo nacheka mwenyewe, mtu anasimama kila kituo, anasubiri mama afunge gari la mtoto vizuri, akiwahi kuliko ratiba anapaki anasubiri dakika zitimie. Nikamuuliza we ulipata wapi huu upole, akanijibu kwa mkato, "nalipwa kwa saa, nimkimbilie nani?"

Basi hapo ndo pa kuanzia. Yule yule wa Tandika alikuwa anaamka saa kumi alfajiri akiwa tayari anadaiwa. Hesabu ya tajiri, yaani hela ya kila siku ya mwenye gari, inamsubiri, mafuta juu yake, wapiga debe stendi wanataka chao, trafiki ana mambo yake, na kinachobaki ndo anagawana na konda. Mtu wa hivyo unataka asimame kituoni dakika moja aondoke na siti wazi? Hawezi. Atajaza mpaka mlango usifunge, saa nne asubuhi abiria wakipungua atakaa kituoni anaita watu nusu saa huku magari mengine yanapanga nyuma yake, jioni akiona foleni upande wa mbele atakatisha ruti awashushe njiani, na mwanafunzi atamkwepa maana nauli yake ndogo. Sisi abiria nasi tunajibu kwa akili zetu, tunageuza na gari, unalipa nauli ya kwenda usikotaka kwenda ili tu upate siti ya kurudi, halafu takwimu zinasema gari lina abiria. Tukiita hii tabia mbaya tunamuonea mtu. Ukinilipa mimi kwa kichwa nitagombania vichwa.

Na hiyo inazaa foleni moja kwa moja, ila watu hawaoni uhusiano wake. Daladala tatu zikisimama sambamba kituoni pale Buguruni kugombea watu kumi, njia mbili zimekufa, gari la nyuma litakaa hapo hata kama mbele kuna barabara ya njia nane.

Ndo maana mimi na flaiova hatupatani sana. Sisemi zisingejengwa, Mfugale pale TAZARA ilifunguliwa 2018, Kijazi pale Ubungo 2021, anayekumbuka Ubungo ya zamani hawezi kubeza. Lakini ukiruka juu ya Ubungo unashukia wapi, si kwenye mwendo ule ule wa kituo cha mbele? Mji ulikuwa na watu milioni 4.4 kwenye sensa ya 2012, sensa ya 2022 wakawa milioni 5.4, hao milioni moja walioongezeka ukiwapa kila familia gari hakuna zege litakalotosha. Na wanaozidi kuongezeka wako Chanika, Mbagala, Bunju, mbali na kazi zilipo.

Mtaniambia mbona mwendokasi tunayo, yale mabasi marefu yenye njia yake peke yake. Tunayo, na naitetea. Mei 2016 ilivyoanza Kimara mpaka Kivukoni, na matawi ya Morocco na Gerezani, kilomita kama 21, nauli 650, mtu wa Kimara alikuwa anafika Posta akiwa bado na akili zake. 2018 Dar ikapata mpaka tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Barabara zake ziko sawa kabisa, hata hapa Manchester katikati ya mji hawana kitu kama kile, huku njia nyingi za basi ni rangi tu imepigwa pembeni ya barabara na kamera ya kukamata wanaoingilia. (Gereji ya Jangwani sitaisemea, kuweka mabasi kwenye bonde la Msimbazi mvua zikiwa zinajulikana mwezi wake, tuache tu.)

Ila upande wa nani analipwa kwa lipi tulilegea. Mwendeshaji aliingizwa kama wa mpito, muungano wa UDA na vyama vya wenye daladala, na mabasi 140 ya kuanzia, mpito ukageuka makazi. Mabasi yakafa moja moja, hayakuongezwa ipasavyo, na yaliyobaki yakawa yanajaza kama Hiace tu tofauti ni urefu. Tukarudi kugombania mlangoni, tena safari hii kwenye kituo cha mamilioni. Daladala za Morogoro Road zilishahamishiwa ruti nyingine, kwa hiyo abiria hana hata pa kukimbilia zaidi ya bodaboda. Halafu kule Kilwa Road tukajenga njia nzuri ya zege, ikakaa muda mrefu haina basi hata moja, watu wa Mbagala wanaiangalia dirishani wakiwa wamebanwa kwenye daladala, mpaka 2025 ndo mabasi ya kampuni binafsi yakaanza kuikanyaga. Njia ilitangulia, mkataba ukaja baadae, wakati ilitakiwa viende pamoja au mkataba utangulie.

Kigali hapo jirani walishika pembe hii mapema, 2013 wakagawa mji kanda kanda kwa kampuni chache, baadae wakaweka kadi ya kugusa. Hawajamaliza matatizo, jioni kwao pia watu wanapanga mstari mrefu, lakini walau wanajua wa kumuuliza ni nani. Dar basi lisipokuja unamuuliza nani? Konda?

Haya, hela. Najua mtauliza na mko sahihi, kwa sababu huku mamlaka inaongezea hela ya kodi juu ya nauli, ruti za jioni na za pembezoni hazijilipi. Na msidhani wazungu wanapenda kutozwa, London mwaka 2003 walianza kutoza gari binafsi pauni 5 kuingia katikati ya mji, lakini Manchester walipoulizwa kwa kura 2008 kama wanataka tozo ya aina hiyo, karibu asilimia 79 wakasema kafieni mbele. Kwa hiyo sitaki mtu aniambie Wabongo tu ndo wabishi. Kwa Dar mimi ningeanza na hela ambayo tayari inakusanywa, ile ya parking za mjini, sehemu yake iandikwe kisheria kwamba ni ya mabasi, mwenye gari Posta alipie nafasi anayoikalia na aliyeko Chanika apate basi la saa tatu usiku. Sio nyingi, ila ya kuanzia inatosha ruti moja au mbili.

Na wenye daladala wasifukuzwe. Wengi sio matajiri kama tunavyowaita, ni mwalimu mstaafu, ni mama aliyekopa, gari lake moja ndo shamba lake. Wajiunge kampuni au ushirika wa ruti, LATRA ambao tayari ndo wanatoa leseni wawape mkataba wa kulipwa kwa kilomita na muda, nauli iingie kwenye akaunti moja kwa kadi au simu, dereva na konda wapewe mshahara wa mwezi. Konda abaki, msiwaguse, mama mwenye mizigo anahitaji mtu wa kumshika mkono na huku hatuna hiyo huduma, dereva anabonyeza mlango basi, ukianguka umeanguka.

Mdogo wangu yuko Temeke nimemwambia haya kwenye simu juzi akacheka, akasema kaka tajiri gani atakubali kuacha hesabu ya kila siku? Nikamwambia muulize tajiri mwenyewe hesabu inafika siku ngapi kwa mwezi, muulize gari limelala gereji mara ngapi kwa kukimbizwa, halafu mwambie kuna mahali hela inaingia benki tarehe 30 gari lijae lisijae. Akasema atamuuliza wa ruti yao ya Tandika. Nasubiri jibu, likija nitaliandika.