Kina cha "ru" katika shairi la uhuru

Jaribu kutunga shairi la uhuru lenye vina, uone neno lenyewe linavyokuvuta. Uhuru linaishia na "ru"; papo hapo nuru inajileta, shukuru inafuata, na ubeti umekwisha hujasema kitu. Nimesoma mengi ya namna hiyo na yananichosha. Lakini kosa si la kina. "Ru" hiyo hiyo ina ushuru, ina dhuru, ina amuru, ina kufuru. Mtunzi anayethubutu kuweka uhuru na ushuru katika ubeti mmoja ameshaanza kufikiri, na aliyemsukuma ni kina.

Kwa hiyo sikubali kwamba shairi la uhuru ni lazima livunje vina na mizani, yaani hesabu ya silabi, ndipo liwe huru kweli. Mshairi Euphrase Kezilahabi alitufungulia mlango mwingine, wa mashairi yasiyofungwa na vina wala mizani, alipotoa diwani ya Kichomi mwaka 1974, nami namshukuru kwa hilo. Ila mbele yake yuko mshairi Abdilatif Abdalla. Alifungwa nchini Kenya tangu 1969 hadi 1972 kwa maandishi ya kuikosoa serikali, akatunga humo gerezani kwa siri, akiandika kwenye karatasi za chooni. Mashairi hayo yalitoka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na yamefuata arudhi, yaani kanuni za utunzi, ya jadi. Aliyenyang'anywa kila kitu hakuona vina kuwa pingu. Naona sababu: karatasi hukamatwa, lakini mshororo wa mizani 16, 8 ukwapi (nusu ya kwanza) na 8 utao (nusu ya pili), hukaa kichwani mwa mtu bila karatasi.

Kisha kuna kibwagizo, mshororo unaorudiwa mwishoni mwa kila ubeti, ninachokipenda kuliko vyote. Tuseme ni hiki, nimekitunga kwa mfano tu:

Uhuru ni wetu sote, si wa wachache wenzetu.

Kiweke chini ya ubeti wa bendera kupandishwa: ni shangwe. Kiweke chini ya ubeti wa mjane aliyepokonywa shamba: ni kilio, ingawa hakuna herufi iliyobadilika. Ubeti wa tatu ukitaja waliolichukua shamba, maneno yale yale yanakuwa shtaka. Wapo wanaobadili kibwagizo kila ubeti wakiogopa kumchosha msomaji; wanajinyima silaha yao kubwa. Shairi la namna hii mmoja alighani, wengine waitikie. Wanapofika ubeti wa mwisho, sikiliza sauti zinavyolemea kwenye "sote".