Mahesabu Yalikuwa Sahihi, Aliyezidi Nilikuwa Mimi

Kwa kuwa rafiki yangu amekwisha kuwasimulia kwamba nilikimbia pumzi yangu mwenyewe nikiwa nimevaa kaptula tu, naomba nami nisikilizwe. Masimulizi yake yana upungufu mmoja mkubwa: hayataji popote kwamba mahesabu yangu yalikuwa sahihi.

Chumba changu cha kuoteshea nyanya kina urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.5, yaani mita za ujazo 30. Hewa ya kawaida ina kaboni dioksidi ipatayo sehemu 400 kwa milioni, nami nilitaka kuifikisha 1,200, kiwango ambacho mimea iliyo chini ya taa kali hukifaidi. Nyongeza ya sehemu 800 katika ujazo huo ni lita 24, na kwa kuwa lita moja ya gesi hiyo ina uzito wa takriban gramu 1.8, nilihitaji gramu 43 kutoka mtungini. Niliuweka mtungi juu ya mizani, nikafungua vali kidogo kidogo, nikaifunga pale uzito ulipopungua kwa kiasi hicho hasa. Mwenye kuona dosari hadi hapo na anyooshe kidole.

Ndipo nikawasha kipimo cha gesi hiyo, na kilipotulia kikasoma 2,400.

Nikakumbuka kwamba gesi hii ni nzito kuliko hewa, takriban mara moja na nusu, nikaamua kwamba huenda imetuama sakafuni. Nikakishusha kipimo chini, nikalala kifudifudi mbele yake, pua yangu ikiwa karibu na tundu zake, nikasubiri. Kikasoma 2,900. Nikashusha pumzi ndefu ya kukata tamaa, kikasoma 3,600. (Mnaocheka sasa hivi, nawaomba mngoje, kwa maana bado.) Nikanyoosha mkono kuikaza vali, ambayo tayari ilikuwa imefungwa kabisa, kisha nikarudisha uso palepale, moyo ukidunda na pumzi zikitoka kwa kasi. Kikasoma 4,300. Nikasema kwa sauti, nikikiambia kipimo, "Haiwezekani!" Neno hilo peke yake lilikipandisha hadi 4,900. Nikatamka la pili, ambalo siliandiki hapa, nacho kikavuka 5,000, wastani ambao nchi nyingi haziruhusu mfanyakazi auzidi katika saa 8 za kazi, na king'ora kikalia.

Nilitoka mbio nikipiga kelele kwamba mtungi unavuja na kwamba kila mtu aondoke nyumbani, na watu waliondoka kweli, baadhi yao wakiwa na sabuni mwilini. Nikiwa nje bila shati, kwa sababu chumba kile kina joto la nyuzi 28, nilianza kuwaeleza majirani tofauti kati ya kaboni dioksidi na kaboni monoksidi. Hakuna aliyeniuliza.

Rafiki yangu, ambaye muda wote huo alikuwa amesimama mlangoni akinitazama, alifungua mlango wazi, akawasha feni ya kutolea hewa, akatoka na kipimo. Akakishika mbali nami, nacho kikashuka. Akakisogeza mdomoni mwangu, kikapiga kelele upya. "Ndugu yangu," akasema mbele ya hadhara nzima, "kinachovuja ni wewe."

Pumzi tunayoitoa ina kaboni dioksidi karibu asilimia 4, yaani sehemu 40,000 kwa milioni. Na ile 2,400 ya mwanzo? Kabla ya kufungua mtungi, sisi wawili tulikuwa tumejifungia humo kwa takriban saa nzima, feni imezimwa, tukiziba nyufa na kupima kuta. Mtu anayefanya kazi nyepesi hutoa lita 15 hadi 20 kwa saa, kwa hiyo nyanya zilikuwa zimekwisha kulishwa kupita kipimo na watu wawili waliokuwa wakibishana kuhusu kimo cha dari.

Majirani walirudi ndani, nyanya hazijambo, kipimo sasa kinaning'inia usawa wa majani na kinasomewa nje kwa waya. Kwenye karatasi yangu ya mahesabu, chini ya hesabu ya mtungi, kuna mstari mpya unaosema "Mwenye chumba: lita 18 kwa saa, akiongea 30", na mwandiko huo si wangu.