Grupu la avenyu ni la nani?

Goma, mashariki mwa Kongo, unaweza kukaa avenyu moja (mtaa mdogo wenye chefu wake) na kuwa ndani ya magrupu matatu ya WhatsApp, yote yakibeba jina la avenyu hiyo hiyo. La kwanza lina jina la avenyu tu. La pili limeongezewa neno "Ofisieli". La tatu, ambalo kwa kawaida ndilo changa na lenye hasira zaidi, limeongezewa "Amani". Ukiuliza yalizaliwaje, utasikia kisa kile kile uwe Ndosho, Katindo au Himbi: lilikuwepo grupu moja, mtu akatolewa, waliomtetea wakatoka naye, na kabla ya jua kuchwa linki mpya ilikuwa inazunguka.

Wapo wanaosema huu ni ugomvi wa watu wenye mega za intaneti za kuchezea. Sikubaliani nao. Grupu la avenyu ndilo linalotangaza kwamba maji yamekuja saa tisa ya usiku, kwamba kuna kilio kwa fulani, kwamba pikipiki imeibwa sasa hivi na watu wafunge njia. Ofisi ya kartiye, yaani kata, na karatasi zake zenye muhuri haina mbio hizo. Majirani wazima hawawezi kununiana miezi kwa kitu kisicho na kazi.

Upande mmoja ni wa wanaotaka grupu moja tu. Humo utawakuta wazee, chefu wa avenyu, na walimu wengi. Wanasema jina la avenyu si mali ya mtu binafsi. Anayetaka kulitumia apite kwa chefu, ajulikane, namba yake iandikwe. Wana sababu zao, na ya kwanza inatoka mlimani. Tarehe 22 Mei 2021 jioni, volkano ya Nyiragongo ilipomwaga lava, watu wa Goma walikimbia huku simu ziko masikioni. Siku tano baadaye gavana wa kijeshi, Constant Ndima, aliamuru kartiye 10 kati ya 18 za mji zihamwe, na familia zikashika njia ya Sake, nyingine Gisenyi, nyingine zikapanda mashua kuelekea Bukavu. Siku kama hiyo, avenyu moja ikiwa na magrupu matatu yanayosema mambo matatu, mama mwenye watoto wanne asikilize lipi?

Hoja hiyo ina nguvu mpaka ukumbuke kilichotokea wiki ile ile. Tarehe 29 Mei serikali yenyewe ilitangaza kwamba mlima mwingine, Murara, umelipuka, kisha ikalirudisha neno lake: hapakuwa na mlipuko. Habari ya uongo haikutoka kwa kijana wa Birere mwenye simu iliyopasuka kioo. Ilitoka juu kabisa. Sasa aliye karibu na mlima huo na anayeona kwa macho yake kwamba hakuna moto angesemea wapi, kama grupu lake limewekwa admini, yaani wasimamizi wake, peke yao ndio waandike? WhatsApp ilileta uwezo huo mwaka 2018, na wakubwa wanaupenda sana.

Hapo ndipo wanaposimama wa upande wa pili, wengi wao vijana. Wanataja Katiba ya 18 Februari 2006: kifungu cha 23 kuhusu uhuru wa kutoa maoni, kifungu cha 37 kuhusu uhuru wa kuunda mashirika. Wanasema sheria ya mashirika ya mwaka 2001 inahusu wanaotaka kutambuliwa na dola, wenye statuti na kamati. Wao ni majirani wanaoongea tu. Nani anaombwa ruhusa ili aongee na jirani? Kwa hili niko nao moja kwa moja. Kulazimisha grupu lipite kwa chefu ni kumpa chefu funguo za mdomo wa avenyu nzima, na machefu wa avenyu hawapigiwi kura na wakaaji.

Ila vijana hao wana ugonjwa ambao hawapendi kuutaja. Anayefungua grupu kwa jina la uhuru hugeuka mfalme kwa wiki chache, na programu yenyewe inamsaidia. Tangu Mei 2018 WhatsApp iliamua kwamba mwanzilishi wa grupu hawezi kutolewa humo na admini wengine. Nia ilikuwa njema: kabla ya hapo mtu uliyempa cheo jana aliweza kukutupa nje leo na kubaki na nyumba yako. Lakini tunda lake ni kwamba mwanzilishi amekuwa rais asiyeondoka. Mnaweza kumpinga na kumwambia amechoka, hamuwezi kumtoa. Neno mnalolisikia mwisho wa kila mabishano ni lile lile: "Asiyetaka, atoke." Na akiibiwa simu, akapoteza na namba, ni balaa nyingine: kama alikuwa admini peke yake, grupu linabaki bila kichwa, maana programu humteua admini mpya pale tu wa mwisho anapotoka mwenyewe. Mtu aliyeibiwa hajatoka. Jina lake liko pale, kimya, na hakuna wa kufungua mlango.

Ugomvi mkubwa kabisa, hata hivyo, huanzia kwenye pesa. Chukua mchango wa kilio. Mtu wa kwanza anaandika: "1. Papa wa dukani, dola 5." Wa pili anakopi orodha nzima, anaongeza jina lake chini, anaibandika tena. Inakwenda hivyo mpaka kumi na tatu, kumi na nne. Sasa watu wawili wanakopi dakika moja: kila mmoja anajiandika wa kumi na tano, na orodha zimekuwa mbili. Wa kumi na sita anachukua ile ya chini, bila kutazama, na aliyekuwa kwenye ile ya juu anafutika duniani. Jioni mama anayeuza makaa anasoma orodha, hajioni. Anatuma picha ya ujumbe wa simu unaoonyesha pesa zimetoka, franka 10,000. Anauliza kwa adabu: "Papa Admini, na mimi nilitoa, juu ya nini siko ku liste?" Hajibiwi. Anauliza tena, na sasa adabu imepungua, kwa sababu namba iliyopokea pesa ni ya mwanzilishi mwenyewe. Mwanzilishi anafunga grupu "kwa heshima ya marehemu". Likifunguliwa kesho yake, mama anarudia swali na anatolewa. Usiku huo linazaliwa grupu la "Amani".

Katika kisa kama hicho huenda hakuna mwizi hata mmoja. Kuna orodha iliyobandikwa vibaya. Lakini mtu mmoja alishika pesa, alishika orodha, na alishika kitufe cha kunyamazisha, na hakuna binadamu, hata awe mtakatifu wa parokia, anayebaki safi machoni pa watu akishika vyote vitatu. Grupu lolote linalokusanya pesa limeshatoka kwenye hali ya soga za majirani, lipende lisipende. Uhuru wa Katiba ni wa kusema. Haukupi haki ya kupokea michango ya wafiwa kwenye namba yako halafu ukakasirika unapoulizwa hesabu.

Kwa hiyo waombolezaji wa "tumegawanyika" nawasikiliza kwa sikio moja. Kutoka na kufungua grupu jingine ndiyo kura pekee aliyo nayo mkaaji mbele ya mwanzilishi asiyeng'oka. Ukimkataza hiyo, umemwachia nini? Magrupu mawili yanachosha, ni kweli, na yanakula mega. Yananichosha hata mimi, maana tangazo moja la maji linanifikia mara tatu na malumbano yake matatu. Lakini mara nyingi la pili hulilazimisha la kwanza kutoa hesabu. Ninachokikataa ni lile neno "Ofisieli". Jina la avenyu ni la kila anayelala pale. "Ofisieli" lisiwekwe na mtu mpaka wakaaji wakutane ana kwa ana, kwa mfano baada ya salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, wakubaliane nani atashika pesa na nani atashika grupu, na wasiwe mtu mmoja.

Magrupu ya wazazi wa shule yana ugomvi wa namna hiyo hiyo, ila huko kuna kamati ya wazazi inayojulikana, na mkurugenzi husema jina la shule lisitumike bila yeye. Tangu elimu ya msingi katika shule za umma ilipotangazwa kuwa ya bure mwaka 2019, wazazi wana sababu ya kutaka mahali pa kuulizana ni mchango gani wa halali na upi si wa halali, na kamati inayokaa meza moja na mkurugenzi si mahali hapo.

Swali gumu zaidi ni la nani abebe lawama neno baya likipita. Wanaotaka grupu moja hupenda kumwambia admini: "Utafungwa wewe." Kanuni ya dijitali ya Kongo, ya 13 Machi 2023, katika kifungu cha 360 inamlenga anayeanzisha na anayesambaza habari ya uongo dhidi ya mtu. Kwingine suala la admini limeshafika mahakamani: Februari 2022 Mahakama Kuu ya Kerala, India, iliamua kwamba admini habebi kosa la mwanachama, kwa kuwa hana uwezo wa kuzuia ujumbe kabla haujatumwa. Hukumu hiyo naiona ya haki. Lakini mwaka huo huo WhatsApp iliwapa admini uwezo wa kufuta ujumbe wa mtu yeyote kwa wote, na tena mwaka huo huo grupu likaruhusiwa kubeba watu hadi 1,024, kutoka 256 tulizozoea. Admini wa leo hawezi kuzuia, lakini anaweza kufuta. Aliyeona ujumbe unaotaja nyumba ya mtu na kabila lake, akauacha mpaka asubuhi kwa sababu "si mimi niliyeandika", kwangu mimi ana lake la kujibu, hata kama si mbele ya hakimu.

Na hili halikuwa jambo la kinadharia tena baada ya waasi wa M23 kuingia Goma mwishoni mwa Januari 2025. Watu waliogombania uadmini miaka yote walianza kuukimbia. Wengine walifuta magrupu mazima, wengine walibadilisha jina la grupu likawa la chama cha mpira. Siwalaumu. Simu ikifunguliwa mbele ya mtu mwenye bunduki, cheo kilicho pembeni ya jina lako kinasomeka vibaya.

Waanzilishi wengi sasa wako Kampala, Bujumbura, Kinshasa, na bado ndio wanaofungua na kufunga magrupu ya avenyu wasizolala. Wanaowatetea wanasema ni salama hivyo: aliye mbali anaweza kufuta ujumbe wa hatari bila mtu kubisha mlangoni kwake. Wanaowapinga wanasema mtu asiyejua kama bomba linatoa maji leo hawezi kuamua nani aongee. Wote wawili wana haki, na ningewapa kila mmoja sehemu yake: aliye mbali abaki na kazi ya kufuta tu, na kuingiza watu, kutoa watu na kufunga grupu kuwe kwa wanaolala pale. Tatizo ni kwamba programu haigawi kazi hizo. Ukimpa mtu uadmini, umempa zote. Basi iandikwe kwenye maelezo ya grupu, na aliye mbali akubali kutoyagusa yasiyo yake. Baadhi wamekubali. Wengine wanajibu kwamba grupu lilifunguliwa na namba yao, na kwa upande wa programu hawajakosea.