Jenny Lewis bila bendi: sifa wapewe waitikiaji

Jenny Lewis alipotoa Rabbit Fur Coat Januari 2006, akiwa bado mwimbaji wa bendi ya Rilo Kiley ya Los Angeles, wengi waliisifu albamu hiyo kwa gitaa kavu na ladha yake ya kantri. Mimi naona iliyoibeba ni sauti ya waitikiaji wake, mapacha Chandra na Leigh Watson, na ndiyo maana wametajwa jaladani pamoja naye. Kielelezo chake kilikuwa albamu ya mwimbaji wa Marekani Laura Nyro ya 1971, aliyoiimba na kundi la Labelle. Sikiliza wimbo wa kwanza, Run Devil Run: ni sauti tupu. Kisha sikiliza ule wenye jina la albamu. Unachoma moyo kwa sababu mapacha wamenyamaza, amebaki yeye na gitaa.

Waimbaji wengi wa bendi wakitoka peke yao huondoa ngoma na besi, wakadhani kazi imekwisha. Koo bado linashindana na ngoma ambazo hazipo! Wimbo ushushwe, tuseme toni moja kutoka ufunguo wa A hadi G, ambako kordi ya kawaida ya gitaa huacha nyuzi tatu wazi, zisizobanwa na kidole, zilie zenyewe na kujaza nafasi ya besi. Mwimbaji asogee sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maikrofoni na aimbe kama anayezungumza. Akikaribia zaidi, sauti nzito huvimba na maneno hufifia.

Gitaa nalo lina mtego wake. Maikrofoni ikielekezwa kwenye tundu, mvumo hufunika kila kitu. Iweke sentimita 30 hivi, ikitazama freti ya 12, yaani mstari wa chuma wa kumi na mbili shingoni mwa gitaa.

Kazi kubwa ni kwa waitikiaji, na hapa sina huruma: wawili wanaopumua pamoja wanawashinda sita waliokodiwa jana. Mmoja akae juu ya sauti kuu, mwingine chini yake, na wasiitikie kila mstari. Wakiitikia mfululizo, kiitikio hakina pa kupanda. Wafanye mazoezi wakizunguka maikrofoni moja, wakisawazisha sauti kwa kusogea mbele na nyuma, kabla fundi hajagusa chochote. Herufi S na T mwishoni mwa neno zitamkwe na mwimbaji mkuu peke yake. Zikitamkwa na watatu kwa kupishana, hata kidogo, rekodi nzima itasikika ikichakacha, na hakuna mashine itakayoisafisha bila kula uzuri wa sauti.