Tunacheka kiatu kisichostahili kuchekwa

Mtu akiingia ofisini hapa Dodoma amevaa yeboyebo, vile viatu vya plastiki vyenye matundu, wenzake watamcheka mpaka saa ya chai. Mwingine akiingia na moka iliyochongoka mbele, imembana vidole hadi anakanyagia kisigino tu, huyo ataambiwa amependeza. Mimi naona tumepindua mambo. Kati ya viatu hivyo viwili, cha kushangaza ni hicho cha pili, na jambo hili limenikaa moyoni tangu mji wetu ulipoanza kujaa watu wa ofisi.

Tuanze na ardhi, kwa sababu kabla kiatu hakijawa pambo ni kitu kinachokutana na ardhi. Dodoma ni pakavu. Mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 600, na ikishakatika mwezi wa nne au wa tano, kinachobaki ni mchanga, upepo na vumbi mpaka karibu na mwisho wa mwaka. Ndani ya mchanga huo kuna mbigili. Mgeni haijui mbigili mpaka aikanyage: mbegu yake ina miiba iliyoelekea huku na huku, kiasi kwamba hata ianguke vipi, upo mwiba unaotazama juu kukusubiri. Inapenya ndala nyepesi, inatoboa hata tairi la baiskeli. Barabara kubwa zina lami nzuri siku hizi, sikatai, lakini ukishaiacha lami na kuingia mitaa ya ndani, iwe Nkuhungu, Chang'ombe au Nzuguni, mguu unazama.

Sasa chukua kisigino chembamba cha mchuchumio ukitembeze hapo.

Wanawake wa Dodoma wameshalijibu swali hili bila kuitisha kikao. Panda daladala ya asubuhi inayoelekea Mji wa Serikali kule Mtumba, kisha tazama chini. Utaona ndala, makubazi, viatu flati na raba. Mchuchumio uko kwenye mkoba, umefungwa kwenye mfuko. Mama akikaribia geti la ofisi anainama, anabadili, anajinyoosha, anaingia. Jioni anafanya hivyohivyo kinyumenyume. Yaani kiatu tunachokiita cha kazi hakiwezi kumfikisha mtu kazini! Anabeba jozi mbili kila siku ya Mungu ili jozi moja ionekane, na nyingine ifanye kazi. Sioni sababu ya kulichukulia hili kama kawaida.

Chimbuko la tabia hii ni la mbali, na halikuanzia kwetu. Ulaya ya karne ya 14 na ya 15 ilikuwa na fasheni ya viatu vyenye ncha ndefu mno, na mwaka 1463, enzi za mfalme Edward IV, Uingereza ilitunga sheria ya kuwakataza watu wasio na vyeo vya kibwana kuvaa ncha inayozidi inchi mbili. Zingatia hapo: ncha ndefu haikukatazwa kwa kuwa inaumiza, ilikatazwa kwa wadogo ili ibaki kuwa alama ya wakubwa. Venice nako wanawake wa tabaka la juu walivaa viatu vya soli ndefu vilivyoitwa chopine, vingine vikafika urefu wa nusu mita, na mvaaji alihitaji watumishi wa kumshika mkono ili asianguke. Heshima ya viatu hivyo ilikuwa kutangaza kwamba aliyevivaa halimi, habebi mzigo, wala hana safari ya miguu. Hiyo ndiyo heshima iliyorithiwa na viatu vya ofisini dunia nzima, ikapunguzwa urefu kidogo tu, na sisi tukaipokea pamoja na tai.

Mguu mmoja wa binadamu una mifupa 26. Mtu aliyekua akitembea peku au kwa ndala, vidole vyake vinatanuka mbele kama feni, na sehemu pana kuliko zote inakuwa hapo vinapoanzia vidole. Moka ya ncha inaanza kuwa nyembamba palepale mguu unapotaka kuwa mpana. Matokeo tunayajua wote: sugu juu ya kidole kidogo, kucha inayoingia nyamani, kidole gumba kinacholala upande na kifundo chake kuchomoza. Kisigino kirefu kinaongeza lake, maana kinausukuma uzito wa mwili mbele ya wayo, na kwa anayekivaa miaka na miaka misuli ya nyuma ya mguu inafupika hadi akivua anahisi maumivu kukanyaga sakafu kawaida. Watu wanaishi na maumivu haya kimyakimya kwa sababu wanadhani ndiyo ada ya usafi.

Sisemi tutembee peku. Kwenye vumbi letu kuna funza, na kwenye udongo wenye unyevu kuna minyoo ya safura inayopenya ngozi ya unyayo na kwenda kunyonya damu tumboni. Kiatu kwa mtoto wa kijijini Bahi au Chamwino ni dawa kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Ninachopinga ni kiatu kinachomkinga mtu na ardhi halafu chenyewe kikamgeuka.

Nirudi kwa yeboyebo, maana ndiyo niliyoanza nayo. Mama yake ni Crocs, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2002 jimbo la Colorado, Marekani. Kiatu kile kilikusudiwa watu wa boti: chepesi, kisichonyonya maji, kisichoteleza kirahisi, chenye matundu ya kutolea maji na kuingiza hewa. Jozi 200 za mwanzo ziliisha kwenye maonyesho ya boti kule Florida. Kikawafikia wauguzi, wapishi, watunza bustani, watu wa kusimama kutwa, nao hawakuuliza kinaonekanaje. Mwaka 2010 jarida la Time likakiweka kwenye orodha ya uvumbuzi 50 mbaya kuliko wote. Miaka saba baadaye nyumba ya mitindo ya Balenciaga ikakipandisha jukwaani Paris kikiwa kimeongezewa soli nene mno, na kilichokuwa kichekesho kikawa fasheni. Hata vile vidude vya kuchomeka kwenye matundu, vya maua na katuni, vilianzia nyumbani kwa mama mmoja wa mji wa Boulder aliyekuwa akipamba viatu vya watoto wake mwaka 2005. Mwaka uliofuata Crocs wakainunua biashara yake kwa dola milioni 10.

Ninachojifunza hapo ni kwamba macho ya watu yanabadilika haraka sana, mguu haubadiliki. Umbo lilelile lililoitwa baya mwaka huu litaitwa zuri kesho kutwa bila sentimita moja kurekebishwa. Basi kama macho hayana msimamo, kwa nini tuyape mamlaka ya kuamua?

Hata hivyo yeboyebo za bei ya chini zinazouzwa kwenye soko la machinga na pembeni mwa stendi si sawa na zile zilizozianzisha. Nyingi ni plastiki ngumu. Jua la saa nane likizipata zinachoma, mguu unatoka jasho na kuteleza ndani, na soli ikishasagika inakuwa hatari kwenye vigae vilivyolowa. Kwa kazi za nyumbani, bustani na mashine ya kusaga, sawa kabisa. Kwa kutembea toka Majengo hadi Makulu, hapana.

Kuna kisa kingine kinachotuhusu zaidi watu wa kanda hii. Mwaka 1996 mhandisi wa Uswisi, Karl Müller, aliingiza sokoni kiatu chenye soli nene iliyobinuka chini, mtu akisimama anayumbayumba kidogo. Jina lake likawa Masai Barefoot Technology, kwa maelezo kwamba kinamrudishia Mzungu wa mjini mwendo wa Mmaasai anayetembea peku kwenye ardhi laini. Kikauzwa ghali. Wengine wakaiga: Skechers wakatoa viatu vya soli ya namna hiyo wakidai vinapunguza uzito na kukaza misuli, na mwaka 2012 wakakubali kulipa dola milioni 40 kumaliza mashtaka ya matangazo ya udanganyifu huko Marekani. Vibram, wenye kiatu cha vidole vitano kilichokaa mguuni kama glovu, nao mwaka 2014 wakakubali kulipa dola milioni 3.75 kwa sababu za aina hiyo.

Wamaasai ninaowaona hapa Dodoma, walinzi wa mageti, wauza dawa na shanga, na wale wanaoshuka na mifugo toka upande wa Kiteto, wamevaa katambuga. Na katambuga ni ubunifu wa hali ya juu ambao sijasikia ukipandishwa jukwaani Paris. Fundi anachagua tairi lisilo na nyaya za chuma, kwa kuwa lenye nyaya halikubali kisu. Anakata kwa kufuata mkunjo wa tairi lenyewe, hivyo soli inakuja tayari imenyanyuka kidogo mbele na nyuma. Mikanda anaikata toka kwenye mpira huohuo. Mbele pako wazi, vidole vinakaa vinavyotaka. Mbigili haipenyi. Ni nzito, ikiwa mpya inachubua, na haina ulaini wowote chini, kwa hiyo siwezi kumshauri mtu wa magoti mabovu aivae. Lakini mwendo wa Mmaasai haukutoka kwenye soli. Umetoka kwenye utoto mzima wa kutembea nyuma ya ng'ombe, na hilo halinunuliki dukani.

Wazee watakumbuka raizoni za miaka ya 1970, soli ndefu chini ya bugaluu, zile suruali pana miguuni, na kelele zilizokuwepo juu ya mavazi ya vijana. Kabla yake, mwaka 1969, Umoja wa Vijana wa TANU ulianza utekelezaji wa Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Tumebishana juu ya mavazi nchi hii kwa miongo mingi, kila mara kwa jina la heshima, na sijasikia mjadala hata mmoja uliouliza kama mtu anaumia. Leo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wamerudia soli nene, safari hii za raba, na mimi nawatetea. Raba nene ina uzito, ni kweli, lakini ina nafasi ya vidole na inapanda na kushuka vilima vya chuo bila kumkomoa mwenyewe.

Tatizo la kutengeneza kitu bila kutazama mahali kitakapotumika tumewahi kuliona kwa ukubwa wa kiwanda. Jirani zetu wa Morogoro walijengewa kiwanda cha viatu kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilichotarajiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka na sehemu kubwa kwenda Ulaya. Kuta zilikuwa za bati za alumini na hapakuwa na mfumo wa kupitisha hewa, kwenye joto la Morogoro! Hakikuwahi kufikia hata asilimia 5 ya uwezo wake, na mwaka 1990 uzalishaji ukasimama. Tangu hapo miguu yetu inategemea sana meli za China na marobota ya mtumba.

Mtumba nauheshimu, ndio uliowavalisha wengi wetu. Ila raba ya mtumba imeshajifunza mwendo wa mwenye mguu wa kwanza. Igeuze, tazama kisigino kimelika upande gani. Ibonyeze soli ya katikati kwa dole gumba, na uikunje: aina fulani ya sponji ya soli huoza kwa unyevu wa hewa hata kama kiatu hakijavaliwa, na raba inayong'aa kama mpya itameguka vipandevipande siku ya tatu.

Ninachokitaka hasa ni kidogo. Wakuu wa idara na mameneja waliopo mji huu waruhusu rasmi makubazi ya ngozi yaliyofungwa nyuma, na viatu vipana vya soli tambarare, kwa wanawake na wanaume, kwenye dawati la mbele na kwenye mikutano pia. Mkoa huu umejaa ng'ombe na mbuzi, ngozi tunazo, na mafundi wa kushona kwa mkono wapo. Watu wa pwani walivaa mitalawanda ya mbao na makubazi vizazi kwa vizazi, wakaendesha biashara na mahakama humohumo, na hakuna aliyewaona hawana adabu. Shule nazo ziache kulazimisha kiatu kimoja chembamba cheusi kwa kila mtoto. Mguu wa mtoto bado mfupa wake ni laini, unachukua umbo la chombo ulichowekwa.

Kwa aliye tayari kushonesha, nenda kwa fundi jioni, maana mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda na kiatu kilichopimwa asubuhi kitabana saa kumi. Simama wima juu ya karatasi, mwambie achore miguu yote miwili, kwani mara nyingi haifanani, na aache nafasi ya upana wa dole gumba mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Akikwambia kiatu kitapoteza shepu, mwambie afuate mchoro.