Idd ya Uingereza haina mtaa

Zanzibar hakuna mzazi anayekaa kitako kupanga Idd ya watoto. Akishanunua nguo na kutoa pesa ya sikukuu, yaliyobaki mtaa unayamaliza: takbira zinasikika misikitini, sahani za tambi zinapita uchochoroni, watoto wanazunguka nyumba kwa nyumba kutoa mkono, na jioni ni Mnazi Mmoja kwa wa Unguja au Tibirinzi kwa wa Chake Chake. Siku nne mfululizo. Tuliohamia Uingereza tunaikosea Idd kwa sababu hiyohiyo: tunausubiri mtaa, nao hauji. Siku ni ya kazi, skuli iko wazi, na nje kuna mvua.

Watazame wenyeji na Krismasi yao. Tarehe 25 Desemba maduka makubwa yamefungwa, treni hazitembei, barabara tupu. Sikukuu yote imo ndani ya nyumba, na mtoto ameihesabu tangu tarehe mosi kwa kalenda ya vidirisha 24, kapamba mti kwa mkono wake, katundika soksi. Kila mwaka yaleyale, kwa mpango uleule. Mimi sisemi tuuchukue mti. Hiyo miti ya Idd yenye taa za mwezi na nyota naiona ni biashara tu. Cha kujifunza ni kwamba mtoto wa huku hupenda alichokishika mwenyewe.

Kuhesabu siku tunako sisi zaidi yao, maana Ramadhani nzima ni kuhesabu. Shona au gundisha mifuko midogo 30, kila mmoja tende au kikaratasi cha kazi ya siku hiyo. Mfuko unaoleta kilio ni wa 30, kwani mwezi ukiandama usiku wa kuamkia siku hiyo unabaki haujafunguliwa. Basi humo tia kitu cha Idd yenyewe, kichupa cha mafuta mazuri au bangili. Ukifunguliwa siku ya 30 au asubuhi ya Idd, ni sawa. Ukitia pipi za jeli, soma nyuma ya pakiti kwanza, nyingi za huku zina jelatini ya nguruwe.

Mwezi wenyewe ndio mtihani. Nyumbani Mufti akishatangaza, wengi wetu yamekwisha (ukiacha wanaofuata mwezi wa Makka). Huku misikiti miwili ya mji mmoja inaweza kusali Idd siku mbili tofauti. Chagueni msikiti mapema na msibadilishe usiku. Barua ya ruhusa ipelekeni skuli wiki mbili kabla, ikitaja tarehe zote mbili zinazowezekana. Skuli za England huiandika siku hiyo kwa herufi R, yaani ibada, si utoro. Kazini pia omba siku zote mbili, utarudisha moja.

Sasa jikoni, na hapa ndipo ada inapoota mizizi. Chagua chakula kimoja ambacho bila mtoto hakipikiki. Mkate wa kumimina unafaa kuliko pilau, kwa sababu una kazi za umri wote: wa miaka minne anamenya iliki, wa saba anaitwanga, wa kumi analinda bakuli lisifurike. Roweka vikombe viwili vya mchele usiku kucha, chuja, saga na tui kikombe kimoja na nusu na kijiko cha chai cha hamira, mpaka ukisugua kwa vidole usisikie chenga. Tui la kopo ni zito, lipunguze kwa maji, na nunua lile ambalo ni nazi na maji tu.

Kinachoharibika ni kuumuka. Kwetu joto linamaliza kazi ndani ya saa moja. Jiko la Uingereza mwezi wa Machi lina baridi, uji umelala tu, mtu anaingiwa na haraka akaongeza hamira, na mkate unatoka unanuka hamira. Dawa yake ni kuliweka bakuli ndani ya oveni iliyozimwa pamoja na sufuria ya maji ya moto, mlango umefungwa. Sukari robo tatu ya kikombe, ile iliki iliyotwangwa na ute wa yai vitie baada ya uji kuumuka, kwani sukari nyingi ikitangulia huichelewesha hamira. Mimina kwenye kikaango chenye mafuta ya moto, punguza moto, na matundu yakitokea juu kihamishie chini ya grili, ndiyo makaa yako ya juu. Hakikisha mpini si wa plastiki.

Pesa ya sikukuu isitumwe kwa simu. Mtoto haioni, na kisichoonekana hakina Idd. Toa sarafu za pauni, mfukoni zigongane. Kisha familia tatu au nne zipangiane zamu za nyumba, nusu saa kila moja, watoto waingie, watoe mkono, wapokee, watoke. Hii naipendelea kuliko ukumbi wa kukodi, ambako wakubwa wanakula kama harusini na watoto wamo chini ya meza na simu. Na zakatul fitri, hata kama utailipa kwa benki, mpe mtoto apime mchele wa pishi, takriban kilo mbili na nusu, aone uzito wake.

Kanzu ikishonwa nyumbani, mpe fundi vipimo mapema na mwambie aache upindo wa inchi mbili, watoto hawangoji. Kofia ya viua ya mkono huchukua miezi, hiyo uagize tangu Idd iliyopita.

Udi fukiza kwa chetezo cha umeme, dirisha wazi. Kengele ya moshi usiifunike kwa mfuko, na seredani ya makaa usiiwashe ndani kabisa, hewa yake huua bila harufu.

Idd hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Kwa hesabu za kalenda, mwaka 2033 zitakuwapo Idd-el-Fitr mbili, moja mwanzoni mwa Januari na nyingine karibu na tarehe 23 Desemba. Mwaka huo huenda barua ya skuli isihitajike, ila tui linunueni mapema, maduka yatakuwa yamejaa watu wa Krismasi.