Alama ni nzuri tayari, urudie mtihani wa nini?

Aliyefeli hana mengi ya kuamua: ama arudie, ama aachane nao. Mwenye kazi ni yule aliyefanya vizuri. Amefungua matokeo ya GRE, mtihani unaodaiwa na vyuo vingi kwa wanaoomba uzamili na uzamivu, kakuta 164 sehemu ya lugha, 163 sehemu ya hisabati, na insha 4.5. Sehemu hizo mbili za kwanza huanzia 130 na kuishia 170, kwa hiyo hakuna atakayemwambia kaharibu. Lakini zile alama saba za hisabati zilizobaki hazimpi raha, na kila anayemwomba ushauri ana lake. Mmoja anamwambia atosheke, mwingine anamwambia angefikisha 168 angepokelewa popote.

Wote wawili wanaitazama alama peke yake, wakati anayedahili ni kamati. Kamati hiyo ina faili mezani lenye matokeo yako ya chuo, barua za waliokufundisha, maelezo ya unachotaka kusoma na, kwa wanaoomba uzamivu, utafiti uliokwisha kuufanya. Kwa hiyo suala si kama 163 ni nzuri. Suala ni kama kuna mjumbe hata mmoja atakayebadili uamuzi wake akiona 167 mahali palipokuwa na 163.

Chukua alama hizohizo uzipeleke kwenye uzamivu wa historia. Watasoma 164 ya lugha, wataridhika, na hisabati huenda wasiirudie kuitazama. Kukalia tena mtihani hapo ni kujitafutia kazi. Zipeleke kwenye uzamivu wa uchumi na mambo yanageuka, kwa sababu alama za juu za hisabati katika GRE zimejaa watu. Mwenye 165 ya lugha amewapita zaidi ya asilimia 90 ya watahiniwa; mwenye 165 ya hisabati hajafika huko. Namba moja, nafasi mbili tofauti. Idara ya uchumi yenye ushindani mkali inaweza kuitumia 163 kama sababu ya kuliweka faili kando kabla barua hazijasomwa. Huyu ana hoja ya kurudia, na hoja yake ni nzito kuliko ya rafiki yake wa historia aliyepata alama zilezile.

Hata hivyo, kuwa na sababu ya kutaka alama zaidi si sawa na kuwa na uwezekano wa kuzipata. Hakuna mtihani unaompima mtu kwa usahihi kamili, na waandaaji wenyewe, ETS, hueleza kwamba alama hupanda na kushuka kidogo hata kama uwezo wa mtu haujabadilika. Kwa sehemu moja ya GRE, tofauti ya alama mbili hivi ni jambo la kawaida. Wanaotaka kurudia hupenda sana kuitumia hoja hii: siku ile sikuwa sawa, nikirudi nitapanda. Huwa hawaifikishi mwisho. Ikiwa bahati inaweza kukushusha, inaweza pia kuwa ndiyo iliyokupandisha. Francis Galton alilieleza jambo hili mwaka 1886 alipolinganisha urefu wa wazazi na wa watoto wao: watoto wa wazazi warefu sana walikuwa warefu, ila kwa wastani walisogea karibu zaidi na watu wa kawaida. Mitihani hufanya vivyo hivyo. Ukiwakusanya waliopata alama za juu kabisa, wengi wao siku hiyo walipata msaada mdogo wa bahati, na msaada huo hauna ahadi ya kurudi.

Utajuaje basi kama bahati ilikuwa upande wako? Angalia majaribio uliyofanya nyumbani. ETS hutoa majaribio mawili kamili ya bure, POWERPREP, na wengi huongeza mengine. Kama hisabati yako ilikuwa 166, 167, 166, kisha chumba cha mtihani kikakupa 163, kuna kitu kilikwenda mrama na ukirudia huenda ukapata kilicho chako. Kama ilikuwa 159, 161, 160, na siku yenyewe ikaja 163, mshukuru Mungu ufunge daftari. Sijaona kipimo kingine cha uamuzi huu kinachoshinda hiki, na inanishangaza jinsi watu wanavyokipuuza kwa kufuata jinsi wanavyojisikia.

Muundo wa sasa unaongeza uzito wa siku mbaya. Tangu Septemba 2023 GRE imefupishwa hadi saa moja na dakika 58. Hisabati ina maswali 27 tu: 12 kwa dakika 21, kisha 15 kwa dakika 26, na ugumu wa kundi la pili hutegemea ulivyofanya la kwanza. Kosea mambo madogo matatu katika yale 12, unaweza kupewa kundi jepesi zaidi, na ukipewa hilo kilele hukifikii hata ukilijibu lote. Mwenye uhakika kwamba hapo ndipo alipojikwaa, kwa mfano alikwama kwenye swali moja la jedwali dakika zikamwishia, ana tatizo linalorekebishika. Asiyejua alikosea wapi hana cha kurekebisha.

Wanaopinga kurudia hupenda kusema usiache mbachao kwa msala upitao. Kwa GRE methali hii haikai vizuri, maana mbachao haupotei. Alama hudumu miaka mitano, na tangu 2012 mtahiniwa huchagua mwenyewe matokeo ya siku ipi yatumwe chuoni. Ukishuka, unatuma ya zamani na chuo hakijui ulirudia. GMAT ya sasa, mtihani wa wanaoomba vyuo vya biashara, nayo inakuacha uone alama kwanza kabla ya kuamua uzitume wapi. Kwa mitihani hii miwili woga wa kushuka hauna msingi mkubwa. Unachopoteza ni fedha na muda.

Kuna wanaorudia GMAT kwa sababu ya namba tu. Kwa miaka mingi watu waliijua 700 kama mlango wa vyuo vikubwa vya biashara. Toleo lililoanza Novemba 2023 linatumia kipimo kingine, 205 hadi 805, na 645 ya leo inakaribiana na 700 ya zamani. Aliyepata 655 akaona hajafika 700 anajililia bure: kashapita.

MCAT, wa wanaoomba udaktari Marekani na Kanada, ni habari nyingine kabisa. Huwezi kuficha matokeo. Vyuo huona yote. Unaruhusiwa mara tatu kwa mwaka na saba maishani, na siku yenyewe inakula zaidi ya saa saba. Mwenye 517 kati ya 528 akishuka hadi 513 amejiletea swali ambalo halikuwepo. Hapa mimi niko upande wa kutorudia, bila kusitasita.

LSAT wa sheria nao huonyesha alama zote za miaka ya karibuni, na bado ndio mtihani ambao ningemshauri mtu mwenye alama nzuri aufikirie tena kwa makini. Sababu ni fedha. Vyuo vya sheria vya Marekani hutakiwa kutangaza kila mwaka alama ya kati ya waliojiunga, ile ambayo nusu yao wako juu yake na nusu chini, na kinachohesabiwa kwa kila mwanafunzi ni alama yake ya juu kabisa. Chuo kinachotaka kuilinda alama hiyo kina sababu ya kumvuta kwa ufadhili mwombaji aliye juu yake. Ukiwa alama moja au mbili chini ya alama ya kati ya chuo unachokitaka, kupanda kidogo kunaweza kupunguza ada kwa maelfu ya dola. Kuna kundi lisilo na uamuzi wa kufanya: mwenye 180 kamili haruhusiwi kurudia.

Gharama ya GRE, dola 220 katika nchi nyingi, ndiyo inayotajwa sana, lakini naiona ndogo kuliko wiki zinazoliwa. Wiki za Oktoba na Novemba ndizo za kuandika maelezo ya nia, kuyafuta, kuyaandika upya, na kuwakumbusha maprofesa barua. Mwenye 163 na maelezo ya kubabaisha hataokolewa na 166. Isitoshe, idara nyingi za sayansi Marekani zimeacha kudai GRE miaka ya karibuni. Kabla hujafungua tena kitabu cha mazoezi, soma masharti ya kila programu unayoiomba. Huenda wanaoihitaji alama yako ni wawili kati ya wanane.

Halafu kuna kalenda. Kati ya GRE moja na nyingine lazima zipite siku 21, na matokeo rasmi hutoka baada ya siku nane hadi kumi. Aliyefanya mwanzoni mwa Oktoba ana nafasi. Aliyefanya Novemba 10, na maombi yake yanafungwa Desemba 1, siku zake 21 zinatimia siku hiyohiyo ya mwisho. Ziko idara zinazokubali alama zifike wiki mbili baada ya maombi kufungwa na ziko zisizokubali, kwa hiyo aandike kuwauliza kabla hajalipa.